Konzi Moja Bila Chumvi

Sinia la kwanza la asubuhi lilitoka kwenye pipa la kukaangia likifuka moshi, na Ulimi akanyoosha mkono bila kungoja kuitwa. Alichota karanga za juu, akachota za katikati, akazamisha vidole mpaka chini kabisa kulikokuwa kunaunguza, akazitia zote mdomoni na kufumba macho. Alitafunia upande wa kushoto, maana magego ya kulia yalikwisha kwenda zake. Alitafuna polepole kama mtu aliyetega sikio kusikia majirani wanagombana nini, kisha akameza.

"Chumvi imekaa," akasema. "Ila punguza moto. Za chini zina uchungu kwa mbali."

Mkaangaji hakubisha. Pale kiwandani hakuna aliyebishana na ule ulimi. Jina la kuzaliwa la mwenyewe lilikuwa limebaki kwa mkewe na kwa karani wa mishahara tu; wengine wote, kuanzia wanawake wa meza ya kuchambua mpaka wapakiaji wa getini, walimwita Ulimi, na waliokuwa na adabu kidogo wakaongeza Mzee. Walimtania kwamba siku akifa asizikwe mzima, ulimi ubaki stoo.

Zamani mwonjaji alikuwa na ndoo. Alitafuna, akapata jibu lake, akatema, akasukutua kwa maji. Siku moja akaja mkaguzi wa afya, bwana mmoja mwenye tumbo na haraka, akaikuta ile ndoo jirani na meza ya karanga na kufoka kama aliyetukaniwa mama yake. Ndoo ikaondolewa palepale. Uongozi ukaahidi kujenga sinki dogo la kutemea, mkaguzi akafungashiwa mfuko wa korosho, akaenda zake. Sinki halikuonekana. Mtu akiuliza anaambiwa liko kwenye bajeti, na kutema sakafuni ni kosa la kufukuzwa kazi. Kwa hiyo mwonjaji anameza. Anameza sinia baada ya sinia mpaka king'ora cha jioni, na mchana akipita bombani anakunywa maji kama ng'ombe.

Leo miguu ilikuwa mizito. Alipogeuka kuliendea sinia la pili alihisi kama ameazima miguu ya mtu mwingine na mwenyewe anaitaka. Moyo nao ulikuwa na mchezo mpya: unakwenda vizuri, unaruka pigo moja, halafu unarudi kwa kishindo.

"Mzee Ulimi, mbona unajishika kifua?" akauliza mwanamke mmoja wa meza ya kuchambua, mama mnene aliyekuwa na kawaida ya kuona kila kitu huku macho yake yako kwenye karanga. "Umependa nini, tukakuposee?"

"Nimependa kukaa chini," akasema Ulimi. "Uzee huu, shangazi."

"Uzee gani, na wewe ndiye umekula chumvi nyingi kuliko kiwanda kizima?"

Meza nzima ikacheka, na yeye akacheka nao. Angefanyaje? Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba figo zake zilikuwa zimechoka.

Zimechoka, ndivyo daktari alivyosema, kama vile figo ni vibarua wanaoweza kupewa likizo. Presha ya miaka mingi isiyotibiwa ndiyo iliyozimaliza polepole. Hazijafa, daktari akasema, lakini hazina cha kupoteza. Kazi iliyobaki ni kuzilinda ili usifike kwenye mashine. Ulimi alielewa mashine ni nini. Kaka yake mkubwa alifika huko. Alikuwa akilazwa kitandani na damu yake ikitolewa kwa mrija, ikasafishwa, ikarudishwa kwa mrija mwingine, wiki baada ya wiki, kwa nguvu ya kadi ya bima ya kazini kwake. Kampuni ilipomwachisha kazi kwa sababu ya utoro wa hospitali, kadi ikafa. Kaka akafa baada yake, na haikuchukua muda. Tangu hapo Ulimi alikuwa na hofu mbili zilizokaa kitanda kimoja: hofu ya mashine, na hofu ya kupoteza kadi.

Ndiyo maana alishika masharti kama mtoto wa shule anayemwogopa mwalimu. Kliniki ya figo ilikuwa na mshauri wa lishe, dada mdogo, mwembamba, ambaye wagonjwa walimwita Binti Lishe. Siku ya kwanza alimuuliza anakula nini, na Ulimi akakiri kwamba anapenda karanga, na kazi yake ni karanga.

"Nikikwambia uache kabisa, utaacha?" Binti Lishe aliuliza.

"Nitakudanganya, mwanangu."

"Basi tuelewane. Karanga si haramu kwako. Zina madini mawili ambayo figo zako zinashindwa kuyatoa, potasiamu na fosforasi, lakini damu yako kwa sasa inaruhusu kidogo. Konzi moja, hiki kiganja chako kikiwa kimefumba. Bila chumvi. Si kila siku. Na siku unayokula karanga, maharage na ndizi zipumzike. Na huko kazini unapoonja, utakuwa unatema, siyo?"

"Natema," Ulimi alijibu.

Aliona haya kumweleza msichana wa umri ule habari za ndoo na mkaguzi na sinki la bajeti. Ulikuwa uongo mdogo, wa heshima tu, na alijiambia atakuwa anatema kwa ujanja kwenye leso. Alijaribu. Msimamizi akamwona mara moja na kumuuliza kama karanga za kampuni zimekuwa shubiri.

Nyumbani mkewe aliyachukua yale masharti akayafanya dini. Alimkaangia karanga zake mwenyewe kwenye sufuria kavu, zisizo na chumvi, akampimia konzi kwenye kikombe kidogo cha kahawa, na zilizobaki akazificha juu ya kabati. Viazi alivimenya, akavikata vidogo, akavichemsha na kumwaga maji, akavichemsha tena. Chumvi aliitoa jikoni kabisa. Chakula kikawa hakina mbele wala nyuma. Walikula wakitazamana, kila mmoja akimwonea mwenziwe huruma.

Halafu kiwanda kikaleta chumvi mpya.

Ilikuja kwenye magunia meupe yenye picha ya moyo mwekundu. Meneja masoko, kijana wa viatu vinavyong'aa, aliwakusanya wafanyakazi wote uani akawaeleza kwamba dunia imebadilika, wanunuzi wakubwa hawataki tena chumvi ya kizamani, wanataka chumvi nafuu, chumvi yenye nusu ya ubaya na ladha ile ile. Akasema ni nzuri kwa presha. Ili wafanyakazi nao wafurahie mabadiliko, kila mmoja akapewa pakiti ya kwenda nayo nyumbani. Unga ulikuwa umepanda bei, mafuta yamepanda, mishahara imekaa palepale ilipokuwa, lakini chumvi waligawiwa.

Ulimi aliibeba ile pakiti kwa mikono miwili. Siku ile mkewe alitia chumvi nafuu kwenye mchuzi, kidogo kwanza, akaonja, akaongeza, na chakula kikarudi kuwa chakula. Walikula mpaka wakakwangua sufuria. Na kazini Ulimi akaacha kabisa habari za leso. Kama chumvi ni salama, ameze kwa raha zake. Moyo wake ulitulia kwa namna ambayo haukuwa umetulia tangu aanze kliniki; hiyo ilikuwa kabla haujaanza ule mchezo wa kuruka.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Alionja masinia ya asubuhi, akaenda kuomba ruhusa kwa msimamizi, akaambiwa angoje. Akangoja. Msimamizi alipomaliza chai yake alimtazama juu mpaka chini.

"Kila mara hospitali. Unakwenda kutibiwa au umeoa huko?"

"Narudi mchana, bosi."

"Masinia ya mchana ataonja nani? Mimi?"

"Nitawahi."

Akaruhusiwa kwa shingo upande.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido ndefu yenye mabenchi ya mbao pande zote mbili. Wagonjwa walikaa wakiwa wamebana mifuko yao mapajani. Ulimi alitolewa damu, akakaa, na alipoitwa ndani hakumkuta daktari amekaa. Alimkuta amesimama, karatasi mkononi, na Binti Lishe kando yake.

"Umekujaje hapa?" daktari akauliza.

"Kwa miguu."

"Lala pale."

Wakambandika nyaya kifuani, mashine ndogo ikachora milima yake, daktari akaitazama ile milima na kuagiza sindano. Ulimi alichomwa, akapewa unga mchungu wa kukorogwa na maji, akaambiwa anywe wote na asinyanyuke. Moyo uliendelea kuruka, kisha ukawa unaruka kwa nadra, kisha ukashika mwendo wake. Binti Lishe alivuta kiti akakaa karibu na kichwa chake.

"Baba, potasiamu yako imepanda mno. Ingepanda zaidi kidogo moyo ungesimama, na usingepata nafasi ya kuaga mtu. Sasa nisaidie. Umekula nini?"

"Ulivyoniambia."

"Ndizi?"

"Nimezisahau hata umbo lake."

"Viazi?"

"Mama watoto anavichemsha mara mbili. Muulize."

"Karanga?"

"Konzi moja, bila chumvi, tena kwa kikombe." Dari lilikuwa na doa la maji lililofanana na ramani. Alipokuwa amelala pale, na sindano ikiwa bado inamuuma, uongo ule wa heshima ulimwelemea. "Za nyumbani ni konzi moja. Za kazini nameza."

"Unameza ngapi?"

"Siku nzima. Hakuna pa kutemea, mwanangu. Nilikudanganya."

Binti Lishe hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. "Na chumvi yake yote?"

"Hiyo usiogope," Ulimi akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na habari njema ya kumpa mtu. "Sasa tunatumia chumvi nafuu. Hata nyumbani ndiyo tunayopikia. Ina picha ya moyo."

Yule dada alifumba macho. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, neno baada ya neno.

"Baba, sikiliza. Hiyo chumvi wameitoa ile sodiamu inayopandisha presha, nusu yake, na pale walipoitoa wakajaza potasiamu. Ndiyo maana inaitwa nafuu. Mtu mwenye figo nzima anaikojoa, anakwenda zake. Wewe huwezi kuikojoa. Inakaa kwenye damu, inangoja. Chumvi ya kawaida ni mbaya kwako. Hii ni mbaya zaidi."

"Walisema ni nzuri kwa presha."

"Ni nzuri kwa presha."

"Mimi nina presha."

"Una presha na figo. Hawakuuliza habari za figo."

Ulimi aliugeuzia uso ukuta. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuangukia, ikamrudia yeye. Mtu mzima, ulimi unaotambua karanga iliyolowa mvua shambani, ameweka kifo mdomoni na kukipa alama nzuri.

Daktari alitaka alale hospitali. Ulimi akaomba kwa mikono yote miwili aruhusiwe, na baada ya kupimwa tena akaruhusiwa kwa masharti: arudi kesho kutwa, chumvi ile itoke nyumbani, na kuonja kuishe. Kuanzia leo. Binti Lishe alimsindikiza hadi mlangoni.

"Waambie wakubadilishie kazi," akasema. "Ni haki yako."

Haki yako. Watoto wa hospitali wanaongea vizuri.

Afisa utumishi wa kiwanda alikuwa mama wa makamo mwenye feni ndogo mezani iliyompulizia yeye peke yake. Alimsikiliza Ulimi mpaka mwisho, na kwa kweli alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko pale palipofaa. Alipomaliza akasogeza feni.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini niambie mwenyewe. Mwonjaji asiyeonja namwandika nani?"

"Nipeleke kwenye kuchambua. Nipeleke stoo. Hata getini."

"Nafasi zimejaa. Nikikutoa kwenye kuonja maana yake hufai kazi uliyoajiriwa, na asiyefaa kazi kwa maradhi tunamlipa haki zake, tunaagana naye vizuri."

"Na kadi?"

"Kadi ni ya mfanyakazi, baba."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliomkata Ulimi maini. Akamwona kaka yake amekaa kitandani amevaa shati la kutokea, siku ile waliyorudishwa kutoka kwenye mashine kwa sababu kadi haisomi. Alikuwa amevaa shati zuri kabisa.

Mlango ukafunguliwa bila hodi akaingia meneja masoko na viatu vyake. Alikuwa amesikia maneno ya mwisho. Akasimama, akamkazia Ulimi macho kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anatafuta mwenyewe yuko wapi.

"Mzee, wewe una ugonjwa wa figo?"

"Ninao."

"Tangu zamani?"

"Zamani kidogo."

"Na siku zote hizo unaonja karanga zetu, uko kazini, unatembea." Akamgeukia afisa. "Mama, kwa nini hamkuniambia tuna mtu kama huyu?"

Ndipo Ulimi akajua habari ya pakiti mpya. Ilikuwa tayari imekwisha kuchorwa: karanga zenye chumvi nafuu, pakiti ya kijani, na juu yake maneno makubwa, *Rafiki wa Presha na Figo*. Zingeuzwa madukani na kwenye vibanda vya mahospitali. Walichokosa ni sura. Walikuwa na picha ya msichana wa matangazo mwenye meno mengi, lakini nani angeamini yule msichana amewahi kuumwa na kitu?

"Hizo zimetaka kuniua leo asubuhi," Ulimi akasema.

Akaeleza. Alieleza yote, sodiamu na potasiamu, nyaya kifuani, milima ya kwenye karatasi, sindano. Hakuficha, hakupunguza. Meneja masoko alisikiliza akiwa ameegemea kabati.

"Huyo ni nesi mmoja," akasema. "Sisi tuna wataalamu."

"Wataalamu wamesema inafaa figo?"

"Wamesema inafaa presha. Na presha na figo ni ndugu, au siyo? Mzee, usikuze mambo. Mtu mmoja akidhuriwa na samaki, bahari haifungwi. Mimi sikulazimishi. Ninachosema, kampuni inamjali mtu anayeijali. Mama hapa anaweza kupata nafasi stoo, kuhesabu magunia, hakuna kuonja. Kadi inabaki, na mkeo anabaki ndani ya kadi. Wewe unatupa picha moja. Dakika mbili."

Feni iligeuka kidogo na upepo ukampata Ulimi usoni. Afisa utumishi alikuwa anatazama mezani.

Kama kuna mtu anayesoma habari hii ambaye angesimama na kuwatupia picha yao usoni, Mungu amzidishie. Huyo bila shaka hajawahi kumrudisha ndugu nyumbani kutoka mlango wa mashine. Ulimi aliuliza jambo moja tu, kama nafasi ya stoo ni kuanzia leo au kesho. Wakamwambia ni leo.

Wakamvika koti jeupe kama la daktari, lenye mikunjo ya kiwandani. Mpiga picha akamsimamisha mbele ya kitambaa cha buluu, akampa pakiti ya kijani mkono wa kushoto, akammwagia karanga kiganjani mkono wa kulia.

"Tia mdomoni, mzee. Ionekane unazifurahia."

"Nisitie. Nishike tu."

"Ukishika tu unaonekana unauza. Tunataka unakula."

Akatia mdomoni, akazisukuma shavuni kwa ulimi.

"Shavu limevimba, picha haipendezi. Meza."

Akameza. Ulimi wake, bila kuombwa, ukamwambia kwamba chumvi imekaa vizuri na za chini hazikuungua.

"Sasa cheka kidogo. Sio hivyo, hivyo unaonekana unaumwa. Fikiria watoto wako."

Akafikiria kadi, akacheka. Mpiga picha akafurahi, akapiga nyingine na nyingine, akasema mzee ana uso wa kuaminika.

Alifika nyumbani jua likiwa bado halijazama. Mkewe alikuwa uani anamenya viazi, vile vidogo vya kuchemshwa mara mbili, na aliponyanyua uso akajua kuna jambo. Ulimi alikaa kwenye kigoda akamweleza habari za hospitali, kwa mkato, akijaribu kuipunguzia makali. Hakuweza kuipunguza. Mkewe alisikiliza kisu kikiwa hewani. Kisha akakiweka, akaingia jikoni, akatoka na ile pakiti ya moyo mwekundu, imebaki robo, akaimwaga kwenye karo na kumimina maji juu yake mpaka ndoo ikaisha.

"Nilikuwa naongeza," akasema. "Nilikuwa naona unakula kwa hamu, nikawa naongeza. Kwa mkono wangu huu."

"Hukujua."

"Niliomba Mungu hata akanisikia, nikasema, angalau mume wangu anakula." Akakaa chini kwenye sakafu ya uani, miguu ameinyoosha, akalia bila sauti. Ulimi aliteremka kwenye kigoda akakaa naye sakafuni, bega kwa bega, kwa sababu hakujua kingine cha kufanya.

"Kazini wamenihamishia stoo," akasema baadaye. "Sionji tena. Na kadi iko palepale."

Mkewe akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Kumbe kuna watu wenye utu."

"Wapo," akasema Ulimi. Habari ya picha hakuitaja, na jioni ile karanga za kikombe hakuzigusa.

Kazi ya stoo ilikuwa nzuri. Alihesabu magunia, alikaa alipochoka, alikunywa chai isiyo na karanga. Kijana aliyewekwa kwenye kuonja alikuwa anameza kama yeye alivyomeza. Damu ya Ulimi ikapimwa, ikapimwa tena, Binti Lishe akamwambia figo ni zilezile, hazijapona lakini hazijashuka, na akitaka anaweza kurudia konzi yake moja. Alimshukuru. Alikuwa anajiona kama mtu aliyevuka.

Siku nyingine ya kliniki alikuta benchi limejaa, akabanwa karibu na bibi mmoja aliyevimba miguu, viatu amevivua na kuvipanga kando. Bibi alikuwa anatafuna kitu polepole, anakitoa kwenye mfuko wake moja moja ili kisiishe. Ulimi alisikia harufu kabla ya kuona. Kisha akaona kona ya pakiti ya kijani.

Bibi naye akamtazama. Akaitoa pakiti yote, akaiweka mbali na macho yake ya kizee, akaitazama, akamtazama tena.

"Mwanangu," akasema, "huyu si wewe?"

Watu wa benchi wakageuka. Koti jeupe, uso wa kuaminika, mdomo umefunguka kwa kicheko. Hapakuwa na pa kujificha, na hata Ulimi angetaka kukana, uso alikuwa nao.

"Ni mimi, mama."

"Ona sasa. Nimekaa na mtu mkubwa sijui." Akasogea kumpisha, amefurahi. "Umepona? Maana mimi wamesema nikiendelea hivi nitapelekwa kwenye mashine."

Ulimi alitazama korido. Dirishani kwenye kibanda cha hospitali pakiti zilikuwa zimening'inizwa kwenye kamba, safu nzima, na yeye anacheka katika kila moja. Mfukoni alikuwa na kadi. Alijua kwamba mtu yeyote wa benchi lile angeweza kuwa na ndugu kiwandani, maneno yana miguu, na mwisho wa maneno hayo ni mke wake kwenye mlango wa hospitali na kadi isiyosoma. Aliyajua yote hayo, na bado bibi alikuwa anaingiza vidole kwenye pakiti.

"Mama, usile hizo," akasema, tena kwa sauti ya kusikika. "Zina chumvi inayoharibu moyo wa mgonjwa wa figo. Mimi ziliniangusha. Karanga kavu, zisizo na chumvi, umuulize yule dada wa lishe kwanza kama damu yako inaruhusu. Hizo hapana. Wala ninyi wengine."

Bibi alikunja uso, akafikiri. Hakukasirika. Alikuwa mtu mzima anayepima neno.

"Mbona nimezinunua hapo dirishani? Hapa hapa hospitali?"

"Hata kama."

"Hospitali wawauzie wagonjwa sumu?"

"Hawajui, mama. Au hawakuuliza."

Bibi akairudia picha. Aliipangusa kwa kidole gumba, akaisogeza karibu, akaitazama kwa muda, na alipomgeukia Ulimi sauti yake ilikuwa ya huruma, kama anayeongea na mtoto aliyenaswa anaongopa.

"Lakini hapa unakula. Tena unacheka."

"Niliambiwa nicheke."

Bibi alimtazama usoni, akatazama pakiti, akamtazama tena. Kisha akaikunja mdomo ile pakiti vizuri ili zisimwagike, akaitia upande wa pili wa mfuko, mbali na Ulimi, na ile moja iliyokuwa imebaki mkononi akaitupia mdomoni.

"Ninyi mkishapona," akasema akitafuna, "hamtaki wenzenu nao wapone."